Tulivyokwenda Bariadi Kuulizia Darasa la Saba

Niliondoka kijijini kwetu Lingeka kwa sababu ya ubishi. Kaka yangu Masanja alisikia redioni kwamba shule ya msingi sasa itaishia darasa la sita, akafurahi kama aliyeona mvua. Binti yake Minza yuko darasa la nne.

"Wamepunguza mwaka mzima," akasema. "Akimaliza la sita anarudi kupalilia pamba. Na wenye ng'ombe wa mahari wataanza kupita hapa."

Nikamwambia serikali haipunguzi kitu bila kuongeza kingine. Akakataa. Tukakubaliana twende Bariadi kwa binamu yetu Limbu, mwalimu wa msingi, atuamue.

Asubuhi tukapanda basi pale Mwanhuzi. Kabla ya Maswa, Masanja alikuwa ameshamwalika mama mmoja mwenye kuku kwenye harusi ya Minza.

"Bwana harusi ni nani?" mama akauliza.

"Bado hajapatikana."

Binza tukashuka kunywa chai. Masanja akampa muuza chapati habari ya kufutwa kwa la saba. Yule kijana akaacha kusukuma unga.

"Mimi niliishia la saba. Kama limefutwa, nimeishia wapi?"

Masanja naye aliishia la saba. Chapati yake niliimalizia mimi.

Bariadi tulifika mchana. Limbu alikuwa ametoka kazini, viatu mkononi.

"Mwadila, bhabehi," akatusalimu kwa Kisukuma. Masanja hakungoja hata maji ya kunawa.

"Limbu, cheti changu cha la saba bado kipo?"

"Kipo, kaka. Hakuna anayekitaka. Kaa nacho."

Roho ikamtulia, akakumbuka kilichotuleta. Limbu akaeleza taratibu, tukila ugali na samaki wadogo wa furu: mtoto anaanza awali, kisha msingi miaka sita, halafu anaendelea moja kwa moja sekondari mpaka kidato cha nne.

"Anayetaka," akasema Masanja.

"Wote. Ni lazima. Zamani lazima iliishia la saba. Sasa inaishia kidato cha nne."

Masanja akahesabu kwa vidole. Vya mkono mmoja vikaisha, vya pili navyo vikaisha, akabaki anaangalia miguu yake.

"Kumbe hawakupunguza," akasema.

"Walipunguza mkia, wakaongeza ng'ombe," nikamjibu. Hakucheka.

Kesho yake tukarudi. Safari hii Masanja hakumwalika mtu harusini. Jioni tulipofika nyumbani Minza alikuwa anachambua mchicha. Baba yake akajikohoza, akamweleza yote kwa sauti ya mtu aliyetoka mbali: msingi, sekondari, lazima.

Minza akamsikiliza mpaka mwisho.

"Ndiyo, baba. Mwalimu mkuu alisema hivyo kwenye kikao cha wazazi. Wewe ulikuwa mnadani."

Shule yao iko ng'ambo ya shamba letu. Kengele yake tunaisikia tukiwa kitandani.

Hilo ndilo nililojifunza: habari tuliyoifuata Bariadi ilikuwa hapo ng'ambo. Kikao kilichofuata, Masanja alikwenda mapema, akakaa benchi la mbele, na mwalimu mkuu aliposema "mpaka kidato cha nne," akageuka nyuma kuwaambia wazazi wenzake: "Ni kweli. Mimi nimetoka Bariadi."