Kiingereza cha Kuruka Kamba

Mwaka ule, nikishindwa mtihani wa kuzungumza Kiingereza, ningerudia darasa. Kuandika sikuogopa. Shida ilikuwa mdomo: mbele za watu ulijifunga wenyewe, nami nikabaki kutazama viatu vyangu.

Hata ukifunguka, maneno yalitoka yakisukumana. Nilitaka kusema kwamba nataka kuogelea ziwani baada ya masomo, lakini masomo yalitangulia, ziwa likafuata, na kuogelea kukaja mwisho kabisa, kama mgeni aliyechelewa harusini.

"Kutaka na kuogelea wanatembea pamoja," Madamu, mwalimu wetu, aliniambia. "Mbona unawatenganisha?"

Wakati huo mama mdogo alikuwa amehamia mtaani kwetu Ngagara na binti yake, maana kwao Kanyosha, upande wa pili wa mji, risasi za vita zilikuwa zimezidi. Binti alikuwa na miaka tisa, mdomo kama redio, na kamba ya kuruka. Kutoka nje tulikatazwa, isipokuwa kwenda shule, basi tukaruka uani. Ncha moja aliifunga kwenye mlimao, ya pili akaizungusha mwenyewe.

Siku moja niliruka huku nikinong'ona somo langu, kila mruko neno moja: I, want, to, swim, in, the, lake. Nikichanganya, miguu inanasa.

"We dada, umenasa! Anza tena," akacheka. "Na usemee juu, mi sisikii kitu."

"Kwani Kiingereza unakijua?"

"Apana. Lakini kamba ni yangu."

Nikasemea juu. Mama mdogo akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Jamani! Kumbe huyu mutoto ana sauti!"

Siku ya mtihani tuliingia mmoja mmoja. Madamu akauliza ningependa kufanya nini baada ya masomo. Mdomo ukajifunga. Kisha miguu ikaanza kuruka, yenyewe, taratibu, na maneno yakatoka, kila moja mahali pake.

"Tuliza miguu, binti."

"Ikitulia, Madamu, nanyamaza."

Alicheka mpaka akavua miwani. "Haya, ruka." Akauliza ninapenda kufanya nini, ninachukia kufanya nini, nikajibu yote, jasho likinitoka.

"Umepita. Toka, umwite anayefuata."

Nje wenzangu wakanizunguka: amekuuliza nini? Nikawaeleza swali kwa swali, huku nikirusha mikono juu. Mlango ukafunguka, Madamu akatoa kichwa.

"Nani anapiga makelele hapa?"

Wote wakanigeukia.

"Ni mimi, Madamu," nikasema.