Mchoyo Niliyemfungia Mlango

Kosa langu la kwanza katika uandishi lilikuwa mlango. Nilimtunga mchoyo anayefunga mlango wakati wa kula, nikamweka jukwaani mbele ya watu wa mji wetu wa Kamina, na sikujiuliza hata kidogo mlango uliofungwa unasema nini kwetu.

Sikumaliza sekondari. Kifaransa changu nimejifunza peke yangu, kwa vitabu vikuukuu vinavyouzwa sokoni juu ya magunia. Kimoja kilikuwa riwaya nene ya zamani, bila jalada na bila kurasa za mwanzo, hata leo sijui ni ya nani. Ndani yake kuna tajiri wa nchi ya baridi. Anafungia mkate kabatini, na anapokula anafunga mlango ili maskini wapitao wasimwone. Mwishoni anaugua, anadhani anakufa, anaingiwa na hofu kuu. Akipona anakuwa mtu mwema. Anafungua nyumba yake, anaita majirani, kitabu kimekwisha.

Mwisho huo niliupenda kwa sababu mimi ni mtu wa hofu. Naogopa macho ya watu. Naogopa neno lililokaa vibaya. Ukurasa mmoja naweza kuuandika upya hadi karatasi itoboke. Nilijiambia: kama hofu inanifanya niandike vizuri, kwa nini isimfanye mchoyo awe mkarimu? Niliamini hofu ni mwalimu mzuri.

Vijana wa kanisa letu la Kimethodisti waliponiomba mchezo wa kuigiza kwa sikukuu ya mavuno, nilimchukua yule tajiri nikamhamishia Kamina. Sikumwonyesha mtu maandishi yangu. Niliyaficha chini ya godoro, na waigizaji niliwapa maneno yao kwa mdomo, kipande kwa kipande. Dada yangu mkubwa, yaya wangu kama tunavyosema kwetu, anayeongoza kwaya, aliniuliza tena na tena.

"Ile kitu unaisomea nani? Bapanya?"

"Haijakamilika, yaya."

"Weye hata siku ya kufa utasema haijakamilika."

Ili mchoyo wangu atembee kama mtu wa kweli, nilimchunguza jirani yetu. Alikuwa mzee wa reli aliyestaafu, mjane, akiishi peke yake katika mojawapo ya nyumba za matofali zinazotazama njia ya treni. Watu walisema ni mchoyo, na hawakumsingizia. Kisima cha uani kwake kilikuwa na kifuniko cha bati na kufuli. Ukimwomba kaa la moto la kuwashia mbabula yako, jiko la makaa, alikujibu kwamba mbabula haizai. Na wakati wa kula alifunga mlango. Nilimpa mwigizaji wangu mgongo wake uliopinda, nikamtafutia kofia ya reli kama yake, nikampa na mlango.

Siku ya mavuno watu walicheka sana walipoona kufuli ya kisima. Kisha mwigizaji akachukua sahani yake ya bukari, ugali wa kwetu, na kitoweo, akaingia ndani, akafunga. Kicheko kikakatika. Nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia, nikasikia ule ukimya, nikadhani kazi yangu imewagusa. Mungu anisamehe, nilifurahi. Ndipo sauti ya mwanamke ikatoka katikati ya viti:

"Eh! Ule njo mulozi!"

Mulozi kwetu ni mchawi. Watu wakageuka kumtazama jirani yetu, aliyekuwa ameketi nyuma na kofia yake magotini. Akainuka, akatoka. Mchoyo wangu alikuwa bado hajatubu.

Alasiri ile dada yangu alinikalisha kwenye kiti cha jikoni.

"Ku Ulaya muntu akifunga mulango, iko muchoyo. Sawa. Hapa kwetu muntu akifunga mulango akule, anakula nini? Anakula na nani? Haukujua?"

Nilijua. Hilo ndilo linaloniuma hadi sasa. Nimekulia mahali ambapo bukari huliwa pale mpita njia anapoweza kuitwa karibu, na anayejifungia na nyama yake, watu huuliza ni nyama gani, ya mnyama au ya mtu. Nilijua tangu sijaanza shule. Lakini nilikuwa nikihangaika na nukta na mikato ya Kifaransa, nikasahau nchi ninayoandikia.

"Ungenisomea hata mara moya," dada yangu akasema, "ningekuambia mbele ya maji kuchemka."

Baada ya hapo ikawa kama moto wa majani makavu. Watoto wakaanza kuvuka barabara wakifika kwake. Mawe yakaanza kuanguka juu ya bati lake. Halafu mtoto wa mama wa nyumba ya mkabala akashikwa na homa. Mama huyo alikuwa amemwomba mzee maji ya kisima akanyimwa, na sasa habari ile ya maji na habari ya homa zikashonwa pamoja.

Nami nilikuwa na hofu tatu kwa wakati mmoja. Niliogopa watamuua. Nimesikia mambo yanayotendwa kwa wazee walioitwa walozi, na sitayaandika hapa. Niliogopa kwamba nikimtetea, watasema nimekula naye. Na ya tatu, naisema kwa aibu: nilianza kumwogopa yeye mwenyewe. Mimi, niliyeutunga uwongo ule kwa mkono wangu, nilianza kuuamini.

Aliniita siku moja kwenye ua.

"Mwana wangu, banatupa majiwe ku nyumba yangu. Minyi niliwafanya nini?"

"Sijui, papa," nikajibu, nami nilikuwa mtu pekee aliyejua. Macho yangu yalikwenda kwenye mikono yake. Ilikuwa ikitetemeka. Nikarudi nyuma hatua moja, naye akaona nimerudi nyuma. Asubuhi iliyofuata nilisikia nyundo. Alikuwa akipigilia komeo la pili la mbao mlangoni. Hofu, mwalimu wangu mzuri, ilikuwa imemtembelea mchoyo wa kweli, na ilichomfundisha ni kujifungia zaidi.

Ijumaa yule kijana aliyeigiza mchoyo alinikuta nikitengeneza baiskeli. Alikuwa na furaha ya mtu aliyepewa cheo.

"Mwandishi! Kesho kisha repetisyo ya kwaya, tunaenda kumutosha ule muzee mu kartye. Akikatala, atajua yeye. Ukuye na weye. Njo weye ulitufungula macho."

Walitaka kumfukuza mzee mtaani baada ya mazoezi ya kwaya, na kwa hilo alinishukuru. Sijawahi kuogopa neno la shukrani kama lile. Mchungaji alikuwa amesafiri kwenda Malemba-Nkulu, na kwa barabara zetu hakuna ajuaye mtu atarudi lini. Nilikimbia kwa dada yangu nikamweleza. Alikuwa akichambua sombe, majani ya muhogo, hakuinua hata kichwa.

"Kesho saa sita uende ukule naye. Mulango wazi. Bakikukuta unakula pale na uko muzima, watasema nini?"

"Yaya, na kama iko kweli?"

"Kweli nini?"

"Kama iko mulozi kweli?"

Sasa aliinua kichwa.

"Basi tutakuzika na mateatri yako."

Jumamosi nilibeba bukari kutoka nyumbani, imefunikwa kwa kitambaa, nikaenda nikitamani njiani nianguke nivunjike mguu ili niwe na sababu ya kurudi. Mzee alifungua mlango upana wa kiganja.

"Sina chakula ya bageni."

"Nimeleta bukari, papa. Nakuomba tukule. Lakini mulango ubakie wazi."

"Hapana."

Nikamwambia yote, pale pale mlangoni. Kwamba mchezo niliutunga mimi. Kwamba mgongo na kofia nilivichukua kwake. Kwamba vijana wanakuja baada ya kwaya. Nilisema haraka na vibaya, nikirudia maneno, mimi ambaye sipendi kurudia maneno. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akatoa mikono yake yote miwili nje kwenye mwanga.

"Angalia. Tangu mwaka mingi. Bibi yangu njo alinikatia samaki, alinishikia na kopo. Amekufa. Sasa chakula inaanguka ku kifua kama mutoto mudogo. Bantu bananiangalia, banacheka. Unataka nifungue mulango?"

Nilimwonyesha mikono yangu mwenyewe, iliyoshika sahani. Ilikuwa ikitetemeka kuliko yake.

Akafungua.

Tuliketi juu ya vigoda kizingitini, jua la adhuhuri likitupiga miguuni. Yeye alileta kibakuli cha samaki wa kukaushwa, wale wanaotoka upande wa Kabondo-Dianda, waliopikwa kwa nyanya. Alinimegea kipande cha mkia, kidogo, akavuta kibakuli upande wake. Nilimeza tonge la kwanza nikisubiri tumbo liniambie nimekwisha. Halikusema kitu. Nikameza la pili. Vipande vya bukari vilidondoka kifuani kwake, naye akaviokota kimya, na mimi nikatazama reli.

Tuliwasikia kabla ya kuwaona. Walikuja wakiimba, wimbo wa kwaya, na hilo liliniogopesha kuliko matusi. Wakasimama nje ya ua, vijana niliowafundisha kusimama jukwaani, na nyuma yao mama wa mtoto mgonjwa.

"Mwandishi! Unakula ku mulozi?" yule mwigizaji akapaza sauti. "Kesho tunakulia matanga!"

"Nakula," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba kama ya mtoto.

"Angalieni, bote babili banatetemeka!" mwingine akadakia, na wachache wakacheka.

Mwigizaji akaingia uani. Alikuwa na fimbo. Akainama mbele ya mzee, akanyoosha kiganja.

"Papa, tupatie na siye samaki."

Nilielewa mara moja. Ulikuwa mtego. Kila mtoto wa kwetu ameonywa: mulozi hana choyo. Anakupa karanga, anakupa nyama, anakupa haraka na anatabasamu, maana hivyo ndivyo anavyokukamata, kisha usiku anadai nyama yako. Kama mzee angetoa samaki kwa hofu, ili waondoke, angekuwa amekwisha. Nilitaka kumwambia asitoe. Lakini kijana alikuwa ameinama kati yetu, angesikia.

Mzee akaliangalia lile kundi zima. Akaangalia kibakuli. Akakifunika kwa mikono yake yote miwili inayotetemeka.

"Hapana! Iko kidogo. Mwende mukule kwenu, kwenu hakuna bamama?"

Kisha mtu nyuma akapasuka kwa kicheko.

"Ule haiko mulozi! Ule iko muchoyo tu!"

"Muchoyo ya kabisa!"

"Mulozi angekupatia mpaka na kibakuli!"

Kicheko kikazunguka ua wote. Mwigizaji alibaki na kiganja chake hewani, hajui akifanye nini. Ndipo dada yangu akapenya katikati yao akiwa bado na kanga ya kwaya begani, akavuta gogo, akaketi, akanyoosha mkono bila kuitwa, akachukua kichwa cha samaki.

"Kichwa iko ya minyi!" mzee akalia.

"Ilikuwa yako, papa," dada yangu akasema, mdomo umejaa.

Vijana walitawanyika wawili wawili, wakiigizana. Mama wa mtoto peke yake hakucheka. Alisogea hadi kizingitini.

"Papa, nilikuomba maji. Mutoto iko na homa, nataka kumupanguza. Juu ya nini ulinikatala?"

Mzee akainuka. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo, akaenda kisimani. Tulimwona akihangaika, ufunguo ukigonga kufuli huku na huku bila kuingia. Ndoo ilikuwa pale pembeni. Nadhani sote tulielewa pamoja kwa nini hakupenda mtu aje kuchota akiwepo: angeombwa ashike kamba, na mikono yake ingeonekana. Mwisho akamgeukia yule mama, akampa ufunguo.

"Fungula weye. Lakini usimwange maji."

Mtoto alipelekwa kituo cha afya siku hiyo hiyo, dada yangu akiwasindikiza. Ilikuwa malaria. Alipona.

Nimeisoma tena ile riwaya. Bado naipenda, lakini mwisho wake siuamini. Mwandishi wake anasema mchoyo alibadilika kwa sababu aliogopa. Mimi nimemwona mchoyo akiogopa, na nimesikia nyundo. Labda yule tajiri wa nchi ya baridi naye kuna mtu alikwenda akaketi mlangoni kwake, mwandishi akasahau kutuandikia. Jirani yetu hakugeuka malaika. Kaa la moto bado hatoi. Ila ufunguo wa kisima unakaa kwa yule mama, na Jumapili baada ya ibada mtu fulani huenda kumkatia samaki, mara nyingi yule kijana mwigizaji, na wanagombana kuhusu vipande.

Na mimi nimebadilika katika jambo moja. Ninachokiandika siku hizi namsomea dada yangu na majirani kingali kibichi, chenye makosa, na wananicheka. Naogopa kila mara, lakini nasoma.