Aliyesimama Kulia kwa Magesa

Pale Kalangalala, mjini Geita, vijana wa kwaya wana mchezo wao. Mwinjilisti Magesa akisimama mimbarini, wao wanahesabu mara anazonyamaza. Anasema sentensi moja, ananyamaza. Anasema nyingine, ananyamaza tena, na kichwa kinageuka kidogo kulia kumtazama mtu ambaye hayupo. Wanadhani mzee anasahau. Asahau nini! Mahubiri yake anayajua hata umwamshe usingizini. Vijana wa siku hizi bwana, wanacheka wasichokijua.

Kabla hajahamishiwa mjini, Magesa alihubiri miaka kumi na tisa vijijini, upande wa Runzewe, na kulia kwake alisimama Nkwabi. Magesa ni mtu wa Musoma; alifika kule hajui Kisukuma hata cha kuombea maji ya kunywa. Nkwabi alikuwa mfugaji, mrefu, mwenye sauti nzito, na Kiswahili chake alikiokota minadani akiuza ng'ombe. Mwinjilisti akitoa sentensi, Nkwabi anaigeuza kwa Kisukuma. Sasa kasheshe ilikuwa hapo: Magesa akisema maneno matano, Nkwabi anaongea mpaka mwenzake anachoka kusimama. Watu wanacheka, akina mama wanafuta machozi, vigelegele vinapigwa, na mhubiri mwenyewe yupo tu pale kama mgeni kwenye harusi ya watu.

"Ndugu yangu, mbona unaongeza?" alimuuliza siku moja njiani, wakisukuma baiskeli kwenye mchanga.

"Siongezi, Mwinjilisti. Nimetafsiri tu. Kisukuma ni kirefu."

Hilo ndilo lilikuwa jibu lake, mwaka nenda mwaka rudi. Magesa alikasirika, kisha akazoea, kisha akampenda yule mtu kuliko alivyowapenda ndugu zake wa tumbo moja.

Mahubiri ambayo Magesa hakuyasahau ni yale ya mwaka wa kwanza, ya kondoo aliyepotea. Mwezi ule wafugaji kumi na mmoja walibatizwa kwenye lambo, maji yakiwa na tope la ng'ombe, na furaha ile hajaipata tena. Mhubiri naye huvunjika moyo, msione amevaa suti. Unaandaa Neno wiki nzima, halafu mzee wa kanisa anakukoromea mstari wa mbele. Kila yalipomkuta hayo, Magesa alijituliza kwa jambo moja: yale ya kondoo niliyahubiri mimi.

Mwezi uliopita akapigiwa simu na Mama Limi, mke wa Nkwabi. Sauti yake ilikuwa imekauka.

"Mzee wako ametutoka, Mwinjilisti. Utamzika wewe. Na uhubiri yale ya kondoo, aliyapenda."

Magesa alipanda basi la Runzewe akiwa na hofu moja iliyomkaba njia nzima. Wazee wa kule Kiswahili wanakisikia kwa mbali. Kisukuma yeye siku hizi anakielewa vizuri, lakini kukihubiri, thubutu! Kikifika mdomoni kinamvunjikia. Je, atamzika rafiki yake kwa maneno yasiyofika kwa watu wake?

Msibani turubai lilijaa. Wazee upande mmoja, akina mama kwenye mikeka, na nyuma wachimbaji, watu wa Tanga na Kigoma wasiojua Kisukuma hata kidogo, waliotoka machimboni na mwenzao Bujiku, mtoto wa mwisho wa marehemu. Magesa akaanza. Akafika pale penyewe.

"Mchungaji akawaacha wale tisini na tisa nyikani, akamfuata yule mmoja."

Akanyamaza, akageuka kulia. Kulia kulikuwa na jeneza.

Katika kimya kile Mzee Masele, aliyehamia kutoka Shinyanga mwaka juzi, akauliza kwa Kisukuma bila kuinuka, "Na hao tisini na tisa kamwachia nani? Fisi?"

Wazee wakaguna. Mfugaji gani huyo? Miaka yote hiyo Magesa hakuwahi kuulizwa swali lile.

Mama Limi akajibu kutoka mkekani, kwa Kisukuma hichohicho. "Masele, wewe hukuwepo. Mwinjilisti alishatuambia zamani. Aliwaacha kwa ndugu yake. Huyo ndugu akawalinda zizini, fimbo mkononi, mpaka mwenzake akarudi."

"Eee, ndivyo," wazee wakaitikia.

Magesa hakuwahi kusema hivyo. Hakuna ndugu, hakuna zizi, hakuna fimbo. Angekuwa peke yake siku ile, wale wafugaji kumi na mmoja wangejikung'uta vumbi na kurudi kwa ng'ombe wao. Ilimchoma, tusidanganyane. Mahubiri aliyojivunia maisha yake yote yalikuwa ya mtu mwingine, na mtu huyo alikuwa ndani ya sanduku, na hakuwahi kudai hata asante.

Akasogea hatua mbili kulia, akasimama ubavuni mwa jeneza, mahali pa mkalimani.

"Endelea, Mama Limi. Hubiri wewe. Hawa wageni wa huko nyuma nitawatafsiria."

Mama Limi akamtazama, akajifunga khanga vizuri, akasimama. Akasema kwa Kisukuma, "Mchungaji aliwaacha kondoo wake kwa ndugu yake."

Magesa akawageukia wachimbaji. "Anasema, mchungaji aliwaacha kondoo wake kwa ndugu yake. Mchungaji mwenyewe alikuwa mgeni, hajui malisho wala maji. Ndugu yake ndiye aliyewalisha, na sifa zote akampa mwenzake. Huyo ndugu yake aliitwa Nkwabi."

"Mwinjilisti," Mama Limi akamkatiza, "mbona umeongeza? Mimi jina sikulitaja."

"Sijaongeza, Mama Limi," Magesa akasema, machozi yakimtiririka mbele za watu. "Nimetafsiri tu. Kiswahili ni kirefu."