Msimu Umefungwa

Juzi, njiani kwenda Kahe, niliona kibao: "Msimu wa uwindaji umefungwa." Nikakumbuka enzi za ukoloni, nilipokuwa mtoto.

Mama alikuwa na siku kumi tangu ajifungue, chumba kizima kinanukia samli na moshi. Kwetu mzazi hulala ndani miezi mitatu akilishwa mtori, supu nzito ya ndizi na nyama. Baba alikuwa amemtegea paa, apate nyama ya kutia humo. Mchana ule askari wa bwana nyama, mkuu wa wanyamapori, aliingia, akakipiga teke chungu cha mtori.

"Msimu umefungwa, wewe! Wanyama wanazaa, waachwe wapumzike."

Mjinga mimi, nilidhani anamtetea mama.

"Hata mama amezaa," nikamwambia. Akacheka.

Baba akafungwa. Kesho yake mama alimbeba mtoto mgongoni, akaenda kuchuma kahawa kwa mzungu.

Mwaka ule walipumzika paa tu.