Bendera ilitukuta mu barabara

Wapenzi, leo asubui nimeona mutoto wangu anaenda, na sikumuaga.

Furaha anahamia Kisangani, kwa bwana yake. Kamyo yao, lori ya mizigo, iliondoka mbele ya saa, basi baba yake akanipakiza ku kinga, baiskeli yake, akakanyaga mbio. Mbele ya biro ya zone, ofisi ya serikali, tukaifikia. Furaha iko juu ya mizigo, karibu nimushike muguu!

Filimbi ikalia. Wanapandisha bendera.

Munajua sheria: kamyo, kinga, mutu, wote tunasimama kimya.

"Maman!" Furaha anaita.

"Citoyenne, nyamaza!" Askari huyo.

Tukaangaliana tu. Yeye analia, mimi nimenyoosha mikono ku mwili.

Bendera ikafika juu, kamyo ikaenda palepale. Na kinga haiwezi kufuata kamyo ku mulima.

Wamama wenzangu, muniambie kweli: ninyi mungesimama vile?