Nikisema ni ugonjwa natolewa shimoni, nikisema si ugonjwa naitwa mchawi

Admin, jina langu lifiche, na la shimo letu pia, kwa sababu wachimbaji wengi wa hapa wanafuata ukurasa wako. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na nne. Mke wangu na watoto wako Nyangwe, mimi niko Salamabila nachimba dhahabu. Shule niliiacha kabla ya kumaliza ya msingi, basi mtanivumilia. Nimechoka, na Ijumaa hii naiogopa.

Tangu utoto naambiwa siko kama wengine. Mtu akinipiga bega kwa salamu, nasikia kama amenimwagia maji ya moto. Utani nauelewa wenzangu wakiwa wamekwisha kucheka. Kabla ya kusema jambo, nalirudia kwanza peke yangu kwa sauti ya chini. Hapa timu ya shimo inakula pamoja kabla ya kuingia, bukari, yaani ugali, sahani moja, mikono yote humo. Ndiyo desturi yetu, waliokula pamoja hawaachani chini. Mimi siwezi. Nikiona vidole vya watu ndani ya chakula, sikigusi tena. Nakula pembeni na kijiko changu, wakanipa jina la Muzungu. "Muzungu, leo umesahau uma?" Nilizoea. Wakati mawe yalikuwa mazuri, kijiko changu hakikumsumbua mtu.

Kilichonipeleka kwa daktari ni mashine za kusaga mawe. Zikianza kunguruma, nakimbia na mikono masikioni. Nilidhani masikio yameharibika, nikaenda hadi Bukavu. Daktari wa masikio akasema ni mazima, akanituma kwa mwenzake wa mambo ya akili. Huyo mama alinihoji siku kadhaa, akampigia mama yangu simu kumuuliza nilikuwa mtoto wa namna gani. Mwisho akasema nina otisme, ile wenzetu wa Tanzania wanaita usonji.

"Baba, haukurogwa na hauna wazimu," aliniambia. "Ulizaliwa hivi na utazeeka hivi. Unachohitaji ni watu wanaojua namna ya kuishi na wewe."

Nililia mbele yake, na haikuwa huzuni. Maisha yangu yote nimeitwa mwenye kiburi.

Lakini watu hao niwatoe wapi? Sasa njia ya Bukavu imekuwa mbaya, na simu ya yule daktari haipatikani. Muuguzi wa hapa alinijibu kwamba otisme ni ya watoto, mimi nina ndevu. Nikabaki na mtu mmoja, nimwite Amisi, rafiki yangu wa Kabambare anayeshika kamba mdomoni mwa shimo. Nilimweleza yote. Zamani alikuwa anapiga kelele kutoka juu, mimi chini moyo unaruka, naangusha vyombo. Tangu siku ile anavuta kamba polepole kwanza, halafu anasema neno moja, ananingoja nijibu. Ni hilo tu, lakini sijawahi kufanya kazi vizuri kama hivyo.

Kisha mawe yakakauka, dhahabu haikuonekana tena. Watu wakaanza kunong'ona juu yangu. Amisi akataka kunitetea, akawaambia nisisumbuliwe na mtu, mimi nina ugonjwa wa kichwa na daktari ameuona. Hakufikiria sheria ya shimo. PDG, ndivyo tunavyomwita mwenye shimo, akatukusanya.

"Mutu wa kichwa haingii mu shimo yangu. Siku utaanguka mule, nani atakutosha inje?"

Nikamwambia sianguki, si kifafa, si ugonjwa, daktari amesema ndivyo nilivyozaliwa.

Akanitazama. "Basi kama hauko mugonjwa, mule chini unaongeaka na nani?"

Mnajua watu wa machimbo wanaamini mlima una mwenyewe, pepo wake, na kwamba mtu anaweza kumuuzia wenzake ili apate dhahabu. Jibu lilikuwepo, nayarudia maneno yangu tu, lakini mimi jibu linanifikia kesho yake. Nyuma yangu mmoja akasema, "Njo maana hakulaka na sisi."

PDG akaamua. Ijumaa, kabla ya kuingia, nitasimama mdomoni mwa shimo, mchungaji na timu nzima wataniwekea mikono mpaka nitaje ni nani aliyenipa kitu hicho wanachokiita uchawi. Nikikataa, nisionekane tena mlimani.

Nimewahi kuona maombi hayo. Wanakushika kwa nguvu, wote wanapiga kelele masikioni. Najijua. Wakinishika hivyo nitapiga, nitauma, nitalia kama mnyama, na wao watasema ndiye pepo anayetoka. Na mtu aliyeonekana na pepo hapa, mawe yakikauka tena, anajua kitakachompata.

Mke wangu amenisihi kwenye simu. "Mume wangu, ukubali tu. Waseme wanachosema, watoto wakule." Hajui kwamba habari hiyo itafika Kasongo kabla yangu, iendelee hadi Nyangwe, na watoto hao hao wataitwa wa mchawi. Amisi naye hanitazami usoni. "Ya, ndugu yangu, nilifikiri nakusaidia," aliniambia. Yuko tayari kusimama na mimi Ijumaa na kusema mbele ya mchungaji, lakini ananiuliza aseme nini, na mimi sijui.

Ndugu zangu, kama kuna mtu mzima mwenye hali hii, awe Kindu, Kasongo au popote, aniandikie kupitia admin. Uliwaambiaje watu wa kazini? Ulitumia neno gani ambalo si ugonjwa na si uchawi? Sihitaji kuhurumiwa. Nataka timu nzima ifanye kama Amisi na kamba yake, na waniache na kijiko changu.

Nishaurini, niwaambie nini? Maneno yawe mafupi, maana nitayarudia njia nzima kupanda mlima, na safari hii nataka wakinisikia waelewe ninaongea na nani.