Nyumba Inayotoa Asali

Juzi mwanangu kaangusha chupa ya asali ya tende jikoni kwetu Mabela. Badala ya kumgombeza, nilibaki nimesimama nainusa, nikamkumbuka Bibi.

Bibi, mzaa baba, alizaliwa Unguja, akavuka bahari ukubwani kuja huku kwetu. Babaake alikuwa mtu wa Yiti, kijiji cha pwani ya huku, na hakuchoka kuwahadithia wanawe kwamba kwao, kwenye shamba la wakfu la msikiti, kuna nyumba inayotoa asali sakafuni, yenyewe, bila nyuki. Watoto wakicheka mpaka mbavu ziwaume. Wakambandika jina, Mzee Asali, na mtaa mzima ukalidaka. Akafa nalo.

Nilikuwa darasa la pili Baba alipotupeleka Yiti, mimi na Bibi, tukaione. Tulikuta gofu. Paa limeanguka, ukuta mmoja umelala chini, na mitende ya pembeni imekauka yote. Lakini nilipoingia, wallahi, nilisahau kama ni gofu. Kuta zilikuwa nene, nyeusi, ndefu kupita msikiti wetu, na kimya chake kilinifanya nivue viatu bila kuambiwa.

Sakafu yote ilichongwa vifereji, vinateremka hadi kwenye mtungi uliozikwa ardhini. Baba alikuwa keshawauliza wenyeji. Hili lilikuwa ghala, akatueleza. Tende za wakfu zikipangwa humu, gunia juu ya gunia, na kwa joto na uzito wake zikijikamua zenyewe, asali ikachuruzika mpaka mtungini. Ndiyo waliyofuturu nayo msikitini.

Bibi, aliyekuwa akilalamikia jua njia nzima, alisogea hadi kwenye mtungi. Akainama, akapitisha kidole kwenye kifereji, akakilamba. Kisha akamwita babaake, aliyezikwa Unguja zamani.

"Baba, nisamehe. Nyumba yako nimeiona."

Nikamuuliza kama ni tamu. Akanambia tamu, na machozi yanamtoka. Basi na mimi nikalamba. Lo! Vumbi tupu, na chumvi ya bahari. Nikatema, na tangu siku ile nikaweka moyoni kuwa Bibi ni muongo.

Nimekuwa mtu mzima ndipo nikaelewa alichokionja. Maskini, alikaa umri mzima akimcheka mzazi wake, na mzazi alikuwa mkweli.

Juzi, nikipangusa sakafu, nilimwambia mwanangu kuwa Yiti kuna nyumba inayotoa asali. Akaangua kicheko.

Nikamwambia avae viatu, twende.